Barafu Niliyoitia Chumvi

Nekesa mwanangu,

Kosa ambalo watu wengi hufanya kuhusu protini ni kudhani kwamba joto ndilo adui yake wa pekee, na kwamba baridi huilaza usingizi tu. Nimelifundisha kosa hilo kwa miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa nachora ubaoni ule mchoro wa kilima. Upande wa joto mstari unaanguka ghafla, nikaandika pale "imeharibika". Upande wa baridi mstari unateremka polepole, nikaandika "imelala, itaamka". Watoto wakanakili, wakafaulu mtihani, na wengine leo ni madaktari. Sikumbuki hata mmoja aliyeinua mkono akauliza: Mwalimu, na baridi ikizidi?

Naandika hapa sebuleni, mtaani Woodley, Nairobi, saa kumi na moja jioni. Umeenda mtaa wa Jamhuri kuwaaga wenzako na umesema utarudi kabla ya chakula. Barua hii nitaiweka chini ya kikombe chako uikute asubuhi. Kwa hiyo nikisema leo, maana yangu ni siku unayoisoma, siku ya safari yako.

Sitakuambia uvae nini kwenye baridi ya huko wala ule nini. Hayo yote umeyasoma mwenyewe, na mengine ulinifundisha mimi. Nataka kuzungumza juu ya sanduku lako.

Jana tulipolipima kwenye ile mizani tuliyoazima, lilizidi kilo tatu. Ukatoa viatu vya ngozi. Ukatoa kamusi. Ukatoa lile koti nililokununulia kule mjini, ukasema utanunua jingine huko. Chini kabisa nikaona kitu kimefungwa kwa leso ya mama yako, nikajua umbo lake kabla hujakifungua: ile flaski nyekundu yenye maua, ya mdomo mpana, iliyopoteza kishikio.

"Hii nayo?" nikakuuliza.

"Hiyo inaenda."

"Nekesa, huko kuna flaski."

"Najua, Baba."

"Ni ya kumkumbuka mama?"

Ulikuwa umechuchumaa, hukuniangalia. Ukasema, "Hapana. Ni ya kunikumbusha niwe nikiangalia."

Ukaifunga tena. Mimi nikasema mizani imetulia, nikaenda jikoni, nikafungua bomba bila sababu.

Nitalisema jambo lenyewe sasa kabla sijaanza kueleza, kwa sababu ninajijua: nikianza kueleza huwa najificha humo humo. Dawa ya mama yako haikuharibiwa na jua. Niliiharibu mimi, hapa jikoni, kabla hamjatoka nyumbani. Nimelijua hilo tangu wiki moja baada ya kumzika, na nimekuacha ulibebe wewe kwa miaka kumi na mitatu.

Sasa nitaeleza. Huu ndio utaratibu wa pekee ninaoujua.

Unakumbuka safari ile ilivyokuja. Nyanya yako, mama yake mama, alifariki mwezi wa Novemba, shule zikiwa zimefungwa. Mimi nilikuwa nimeitwa kusahihisha mitihani na nisingeweza kuondoka. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ikaamuliwa mama yako aende nawe Bungoma kwa basi la usiku, mkae hadi mazishi yaishe. Alikuwa ameanza kujidunga insulini mwaka mmoja kabla ya hapo, ile nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na kule kwa nyanya hakukuwa na stima. Suala likawa dawa isafiri vipi.

Mama yako alitaka kuzitia zile chupa mbili katika chungu kidogo, azizungushie kitambaa kilicholowa, hivyo tu. Nesi wa kliniki ndiye aliyemwambia. Nikamcheka.

"Mwalimu," akasema, "nesi anafanya hii kazi kila siku."

"Nesi anafanya kazi. Mimi nafundisha sababu."

"Haya, professa. Fundisha basi, lakini usinikoseshe basi langu."

Akaenda chumbani kukunja nguo, nawe ukamfuata. Nikabaki peke yangu. Nikatoa barafu kwenye friji, nikaivunja kwa mchi, nikaijaza kwenye flaski. Halafu nikakumbuka somo moja ambalo wanafunzi wangu walilipenda kuliko yote, la kutengeneza aiskrimu bila friji. Barafu tupu ikianza kuyeyuka hukaa kwenye sifuri, haishuki. Ukiitia chumvi inashuka mbali chini ya sifuri, mpaka vidole vinashikamana na bati. Nikachukua pakiti ya chumvi ya jikoni nikamimina karibu nusu yake. Nikatikisa. Nikazizika zile chupa mbili katikati, bila kitambaa, nikafunga kifuniko.

Niliona fahari, Nekesa. Nilikuwa nimepanga kukueleza ile hila mkirudi, nikuonyeshe kwa kipimajoto. Kwa sababu hiyo tu hukuiona ile chumvi. Nilikuwa nakuwekea kama zawadi.

Unajua kilichotokea humo ndani kuliko ninavyojua mimi, lakini acha nikiandike, kwa sababu sijawahi kukiandika. Maji yanapoganda hujipanga, na mpango wake hauna nafasi ya kitu kingine. Kila kisicho maji husukumwa pembeni na kubanwa. Protini ina umbo kwa sababu maji yaliyoizunguka yanaisaidia kulishika. Yakiiacha yakaenda kuwa fuwele, inabaki imebanwa na wenzake, inakunjuka mahali isipopaswa, na sehemu zilizofichwa ndani zinatoka nje na kunatana. Barafu ikiyeyuka, protini hairudi ilivyokuwa. Inabaki madonge. Haikulala, kwa hiyo hakuna cha kuamka.

Na insulini bila umbo si kitu. Hilo ulinifundisha wewe mwaka jana, palepale jikoni, siku uliyotoka maabara ukiwa umefurahi kama mtoto. Nilikuwa nimekuambia kwamba insulini ni ufunguo na seli ni mlango, jinsi nilivyofundisha siku zote.

"Aki Baba, hiyo ya ufunguo wachana nayo," ukasema. "Simama."

"Nasimama wapi?"

"Hapo. Tanua miguu. Zaidi. Sasa wewe ni kipokezi. Kichwa na mikono iko nje ya seli, miguu iko ndani. Ona vile miguu yako iko mbali? Umezima. Hakuna kitu inasema kitu."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni insulini. Siingii ndani. Hiyo ndiyo watu hukosea. Siingii kabisa."

Ukanishika mabegani. Ukanieleza kwamba ile insulini, ikiwa imehifadhiwa, hukaa sita sita, zimeshikana kuzunguka zinki, na hivyo hivyo haina kazi. Ni lazima ziachane, kila moja iende peke yake. Na hata ikiwa peke yake, ina kama mkia unaofunika uso wake wa kushikia. Ili ipokewe, inabidi mkia usogee na uso uwe wazi. Kisha ukasukuma viatu vyangu kwa vidole vya miguu yako mpaka vikagusana.

"Ikishika juu," ukasema, "miguu inakuja pamoja huku chini, na inawashana. Ujumbe umeingia na mimi bado niko nje. Baba, umewaka. Usipotee sasa kama stima ya Woodley."

Tulicheka. Nilikuwa nimekushika, nawe umenishika, na nikafikiri: sasa. Mwambie sasa. Mkia usogee.

Kisha ukaacha kucheka. Mikono yako ilikuwa bado mabegani kwangu. Ukauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza saa, "Baba, ile barafu ya Mama. Uliifunga kwa kitambaa?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ukaitikia kwa kichwa. Ukasema, "Basi ni jua." Ukageuka ukamimina chai.

Nimefanya mabaya mengine maishani, na mengine nimeyasahau. Hilo neno moja silisahau. Wewe, msomi wa jambo lenyewe, ulifika mpaka mlangoni ukagonga. Mimi nikafunga kwa ndani.

Nirudi Bungoma.

Mlifika asubuhi. Jioni ya siku ile ya kwanza mama yako alinipigia simu. Nilikuwa mezani, karatasi zimenizunguka kama matofali.

"Mwalimu, sukari imekataa kushuka."

"Umekula nini?"

"Nimekula nini? Ugali kidogo na mboga."

"Kidogo ya matanga ama kidogo ya nyumbani?"

Akacheka. Nikampa maelezo kuhusu huzuni, jinsi mwili wenye huzuni unavyopandisha sukari. Yalikuwa maelezo mazuri, na ya kweli pia. Akasema sawa.

Soma vizuri hapo, mwanangu: siku ya kwanza. Uliiacha flaski kwenye jua siku ya tatu.

Siku ya pili akapiga tena. "Baba Nekesa, hii dawa imekatika kama maziwa. Iko na punjepunje. Zingine zimeshika kwa chupa."

"Insulini si maziwa, Mama Nekesa. Hujaiviringisha vizuri. Iweke kati ya viganja, mara ishirini, polepole, usitikise."

"Nimeviringisha mpaka mikono imechoka."

"Viringisha tena."

"Na Mwalimu, kwa nini haya maji ya flaski yana chumvi? Yamenimwagikia kidoleni nikayaonja."

Nikamwambia ndiyo sababu dawa yake bado iko baridi. Nikamweleza aiskrimu. Nilimweleza kwa dakika nyingi, salio lake likaisha nikiwa bado naeleza.

Hebu fikiria. Mwanamke aliyesoma hadi darasa la nane alikuwa ameshika chupa mkononi, ameona madonge kwa macho yake, ameonja chumvi kwa ulimi wake, na akanipigia mimi. Alinipa kila kitu. Mwanafunzi wa kidato cha pili angepewa hayo matatu angeunganisha. Lakini kipokezi kisichosogea miguu yake hakijapokea, hata kama ujumbe umekishika kichwani. Alinishika, mimi nikabaki nimesimama nilivyokuwa.

Ile karatasi niliyokuwa nasahihisha jioni hiyo, nakumbuka, ilikuwa na swali la mchoro wa kilima. Mtoto fulani alikuwa ameandika kwamba baridi huilaza protini bila kuidhuru. Nikampa alama zote.

Siku ya tatu mama yako alikuwa amechoka, anakunywa maji kama mchanga. Alikutuma uingize flaski ndani. Uliiweka juu ya ukuta ukaenda kuruka kamba na binamu zako, na jua likaipata kwa muda wa saa moja. Ulikuwa mtoto, na watoto huruka kamba. Shangazi yako Robai ndiye aliyeikuta imepata moto na kukugombeza mbele ya watu.

Siku ya nne alianza kutapika, wakampeleka hospitali. Nilifika alfajiri ya siku ya tano. Alinijua. Midomo ilikuwa imekauka, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyooza, nami nilijua harufu hiyo ni ya nini kwa sababu nilikuwa naifundisha.

"Umemaliza kusahihisha?" akaniuliza.

"Bado."

"Watoto wa watu wanangoja, Mwalimu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alikufa kabla ya saa nne.

Matangani, Robai alisema jikoni, sauti ikafika hadi tulipoketi wanaume: "Dawa ilipikwa na jua. Huyu mtoto ndiye aliacha nje, mimi mwenyewe nilishika nikasikia moto." Wanawake wengine wakamwambia anyamaze. Wewe ulikuwa mlangoni, umeshika sufuria. Usiku wa mazishi ulikuja ukakaa kando yangu ukaniuliza, "Baba, ni mimi?"

Nikakuambia, "Usifikirie mambo hayo sasa."

Naapa siku hiyo nilikuwa sijajua bado. Lakini hata bila kujua, baba anayeulizwa hivyo na mtoto wa miaka kumi na mmoja ana jibu moja tu, na jibu hilo ni hapana. Sikuhitaji ushahidi ili kulisema.

Ushahidi ulikuja wiki iliyofuata. Nilirudi Nairobi na zile chupa mfukoni. Unamkumbuka yule mama Mhindi mwenye duka la dawa mjini, nyuma ya soko, aliyekuwa akikupa peremende? Kwake ndiko tulikokuwa tukinunua insulini. Nilienda nikiwa na hasira, nataka aniambie kwamba alituuzia dawa mbovu. Akazichukua, akaziinua kwenye taa, akazizungusha. Akavaa miwani akazitazama tena.

"Mwalimu, hii iliganda."

"Ilikaa kwenye jua," nikasema.

"Jua siku ngapi?"

"Saa moja. Ndani ya flaski."

"Saa moja ndani ya flaski hii si kitu. Hata nesi atakuambia. Angalia hapa kwa kioo, kama umande imeshika. Hii ni barafu tu inafanya. Nani aliweka kwa barafu?"

Alinitazama muda mrefu, kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la huruma. Akazifunga chupa katika karatasi ya kahawia akanirudishia, akasema, "Pole sana, Mwalimu. Wewe ulikuwa unataka ikae poa."

Nilitembea kutoka mjini mpaka nyumbani, Ngong Road yote, kwa miguu. Nilikuwa nimeamua kukuambia nikifika. Nilipofika ulikuwa jikoni umesimama juu ya kigoda. Ulikuwa unahamisha pakiti ya maziwa kutoka dirishani kuiweka kabatini. Ukasema, "Jua lilikuwa linakuja."

Nikasema, "Vizuri."

Na hivyo ndivyo ilivyoanza. Kesho yake ingekuwa rahisi kuliko siku iliyofuata. Mwezi uliofuata nilijiambia wewe ni mdogo, hutaelewa. Ulipokuwa mkubwa nikajiambia umesahau. Ulipofika miaka kumi na mitano ukaniuliza mara ya pili, tukitoka kanisani, nami nikakujibu kwamba siku za mtu hupangwa na Mungu. Nilimtanguliza Mungu nikajificha nyuma yake. Baada ya hapo hukuuliza tena mpaka mwaka jana.

Nilikutazama ukikua ukiwa mlinzi wa vivuli. Hukuacha kitu chochote nje, hata kiatu. Wenzako wa maabara wanakuita Kivuli, na wanadhani ni mzaha. Walipokuja hapa Pasaka, yule mrefu aliniambia, "Mzee, huyu msichana wako hajawahi kupoteza hata sampuli moja. Kila mtu amepoteza, yeye hapana. Yeye hulala na ile friji." Wote wakacheka, nawe ukacheka. Mimi nilisema ndiyo, ni mwangalifu tangu utotoni. Nilijivunia, Nekesa. Nilijivunia kovu nililokutia mwenyewe.

Na ulipochagua kusomea insulini na kipokezi chake, walimu wako wakaandika kwamba una kipaji. Unacho. Lakini nilijua pia kwamba unalipa deni. Leo unavuka bahari kwenda kutazama kwa mitambo mikubwa jinsi protini ile ndogo inavyoshika na kushikwa, miaka minne au mitano, ukiwa na flaski chini ya nguo. Siwezi kukuacha uende ukafanye kazi hiyo kama kifungo. Kama ukifika huko na kuona kwamba hukuipenda kamwe, kwamba ulikuwa unalipa tu, basi iache. Nenda kafanye kitu kingine. Kama unaipenda, ifanye kwa sababu unaipenda.

Umewahi kuniambia kwamba seli ikimiminiwa insulini kupita kiasi, muda wote, huanza kuvirudisha vipokezi vyake ndani. Inachoka kuambiwa. Nimelifikiria sana hilo nikikumbuka meza yetu ya chakula. Nilieleza mawingu, nilieleza chumvi, nilieleza kwa nini chapati hufura. Nawe mwaka baada ya mwaka ukawa mkimya zaidi. Nilidhani ni tabia yako. Nilikuwa nazungumza kila kitu ili nisilizungumze moja, nawe ulikuwa umechoka kungoja.

Sina mafundisho mengi ya kukupa yaliyotoka humo. Lipo moja, na nimelinunua ghali. Utakosea huko. Utamwaga, utagandisha, utaandika namba isiyo sahihi. Likitokea, liseme siku hiyo hiyo, kwa sauti, kabla halijampata mtu mwingine wa kulibeba. Kosa langu la kwanza lilikuwa la ujuzi nusu, na nadhani mama yako angelisamehe akinicheka. Angesema, "Professa na chumvi yake." La pili nililifanya kila asubuhi kwa miaka kumi na mitatu, nikijua.

Na mtu akikuambia kitu ambacho ameshika mkononi mwake, hata kama hana masomo yako, acha kueleza kwanza. Nenda ukaangalie chupa.

Sikuombi unisamehe leo. Ni siku ya safari, ina shughuli zake, na msamaha unaoombwa mlangoni huku gari likipiga honi si wa haki. Ukiutaka huko mbele, ukiupata, utaniambia. Usipoupata, nitaelewa, na sitakupigia simu kukueleza kwa nini ungepaswa kuupata. Robai nimempigia simu mchana huu, kabla sijaandika, nikamwambia yote, ya chumvi na ya yule mama wa dukani. Kisha akalia akasema, "Na mimi nilisema mbele ya watu wote." Nikamwambia mimi ndiye niliyemwacha aseme. Jumapili nitaenda Bungoma, niwaambie na wale wengine waliokuwa jikoni siku ile.

Utakaposoma hapa nitakuwa nje, naimwagilia ile sukuma wiki. Hutalazimika kunitazama. Gari linakuja saa saba mchana. Ukitaka nikusindikize hadi uwanja wa ndege, nitakuja. Ukitaka twende bila kusema neno, nitanyamaza, na unajua sijawahi kuliweza hilo, lakini leo nitaliweza. Ukitaka kwenda na wenzako tu, nitakupungia mkono kutoka hapa langoni, na nitaingia ndani.

Ulikuwa mtoto mwema, uliyetumwa flaski ukaenda kuruka kamba. Hukufanya kosa lolote. Ningekuambia hivyo kila siku kama ningekuwa mwanamume uliyedhani ndiye mimi.

Leso ya mama yako nenda nayo. Lakini leo, kabla hujafunga sanduku, itoe ile flaski uiweke juu ya meza yangu. Ni yangu.

Baba yako